Mume wangu anasema nikivuka kizingiti nimepoteza watoto na nyumba

Ndugu Mshauri,

Shikamoo. Ninakuandikia kutoka Morogoro kwa simu ya mwenzangu wa kikoba, kwa kuwa ya kwangu mume wangu huikagua kila jioni na namba ya siri anaijua.

Nina umri wa miaka 34. Tulifunga ndoa kanisani mwaka 2014 na tumejaliwa watoto wawili, wa kike mwenye miaka tisa na wa kiume mwenye miaka minne. Mume wangu ni fundi magari, nami nina genge la mboga na nyanya. Nyumba tunayoishi tumeijenga pamoja ndani ya ndoa. Hati ya mauziano ya kiwanja ina jina lake peke yake, ingawa saruji ya msingi na bati za vyumba vya nyuma nilizinunua mimi kwa mgawo wangu wa kikoba.

Alianza kunipiga nilipokuwa na mimba ya mtoto wa pili. Mwanzoni yalikuwa makofi, siku hizi ni mkanda na mateke, na mara mbili amenikaba koo mpaka macho yakaingia giza. Mwezi uliopita mkono ulivimba, nikaenda zahanati na kumwambia muuguzi kwamba nimeteleza bafuni. Juzi aliweka panga juu ya meza watoto wakiwa wanakula, akasema kwamba siku nitakayoondoka nitatoka nimebebwa. Yapo na mambo ya chumbani ambayo siwezi kuyaandika, ila sina nafasi ya kukataa.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kikaitishwa kikao pamoja na wazee wa kanisa na shemeji zangu. Mume wangu aliomba msamaha mbele ya watu, akaninunulia kitenge, tukaambiwa tukayamalize nyumbani. Haukupita mwezi akarudia. Mama yangu mzazi ananisihi nivumilie, kwani naye alivumilia.

Kinachonifunga ni maneno yake: “Ukivuka kizingiti hiki kwa miguu yako umejifukuza mwenyewe, watoto ni wa ukoo wangu na nyumba ni yangu.” Je, ni kweli? Na kama si kweli, niondokeje bila kuuawa?

Mama Wawili, Morogoro

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, dada yangu. Nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa ndilo linalokuweka ndani ya nyumba hiyo: si kweli. Hakuna sheria ya Tanzania inayosema kwamba mke anayeondoka ili kuokoa maisha yake amejifukuza, wala kwamba watoto ni mali ya ukoo wa baba, wala kwamba nyumba iliyojengwa ndani ya ndoa ni ya yule tu ambaye jina lake limeandikwa kwenye karatasi. Haya yote nitayaeleza, lakini kabla ya sheria ni lazima tuzungumzie uhai wako, kwa sababu mambo mawili uliyoyapitia haraka katika barua yako yamenitia hofu kuliko yale uliyoyaeleza kwa kirefu.

La kwanza ni kukabwa koo. Watu wanaoshughulika na kesi za ukatili wa majumbani huitazama dalili hii kwa uzito wa pekee, kwa sababu mwanamume aliyekwisha kumkaba mkewe ana uwezekano mkubwa zaidi wa kumuua siku nyingine kuliko yule ambaye hajawahi kufanya hivyo. Giza uliloliona lilitokana na ubongo kukosa damu na hewa. Madhara yake yanaweza kujificha ndani bila alama yoyote shingoni, kwa hiyo kama sauti yako ilikwaruza, kama unapata maumivu unapomeza, kizunguzungu au kichwa kuuma kusikokwisha, nenda hospitali hata kama siku zimepita, na umwambie daktari kwa maneno yaliyo wazi kwamba ulikabwa. La pili ni panga lile na maneno yaliyofuatana nalo. Kutishia kuua ni kosa la jinai linalosimama lenyewe, hata kama panga halikukugusa. Usiyachukue maneno hayo kama hasira za mtu aliyechoka na kazi.

Kipindi cha hatari kubwa kuliko vyote ni pale mwanamke anapoondoka, au pale mume anapogundua kwamba anajiandaa kuondoka. Ndiyo maana nakuomba usimwage siri hii kwa yeyote anayeweza kumfikishia, hata kwa nia njema: si kwa shemeji, si kwa mzee wa kanisa aliyekaa kwenye kile kikao, na kwa sasa hata kwa mama, kama unahofia kwamba atampigia mkwe wake simu ili awapatanishe. Usimwambie mume wako kwamba utaondoka, hata katikati ya ugomvi, hata kwa kumtisha ili aache. Ondoka akiwa kazini, mchana, watoto wakiwa mkononi mwako.

Mwenzako wa kikoba aliyekupa simu ndiye mlango wako. Kwake unaweza kuhifadhi bahasha moja ya kaki ambayo utaijaza kidogo kidogo: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho chako cha taifa, kadi za kliniki na za bima kama mnazo, daftari la kikoba linaloonyesha siku uliyochukua mgawo, na risiti za saruji na za bati. Hati ya mauziano ya kiwanja usiiondoe, kwa sababu akiikosa mahali pake atajua. Ipige picha kurasa zote, pamoja na sahihi za mashahidi na muhuri wa serikali ya mtaa, kwa simu ya huyo mwenzako. Picha za majeraha nazo zipigwe kwa simu hiyo hiyo zibaki huko. Omba mgawo wako unaofuata ushikwe na mweka hazina badala ya kutumwa kwenye simu yako, na usiache ujumbe wowote wa mipango hii katika simu ambayo mtu mwingine huifungua.

Ikiwa vurugu zitazuka kabla hujawa tayari, usikimbilie jikoni, maana huko kuna visu, moto na maji ya moto, wala chumbani kusiko na mlango wa pili. Sogea upande wa mlango wa nje na upige kelele za kuomba msaada. Binti yako ana umri wa kuelewa kwamba mkianza kugombana kazi yake si kuamulia, ni kumshika mdogo wake mkono na kwenda kwa jirani mliyemchagua mapema. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na namba 116, ambayo hupigwa bila malipo, hupokea taarifa za ukatili dhidi ya watoto. Mtoto anayekula chakula mbele ya panga la baba yake tayari ni mtoto anayefanyiwa ukatili.

Sasa nije kwenye sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu chake cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au ya kipigo, hata kama mila yoyote inasema vinginevyo. Sheria hiyo ina zaidi ya nusu karne. Wazee waliokaa kwenye kikao chenu wameishi chini yake kwa sehemu kubwa ya maisha yao, na inanisikitisha kwamba hakuna hata mmoja aliyekukumbusha. Zaidi ya hapo, Kanuni ya Adhabu haina mlango wa pembeni kwa ajili ya waume: shambulio ni shambulio, kudhuru mwili ni kudhuru mwili, na kuvunja au kulemaza kiungo ni kosa kubwa zaidi, awe aliyefanya ni mume, jirani au mpita njia.

Kuhusu mambo ya chumbani ambayo hukuweza kuyaandika, ni lazima nikuambie ukweli ulivyo. Kanuni ya Adhabu haihesabu kuwa ni ubakaji pale mume anapomlazimisha mke ambaye bado anaishi naye. Inahesabu hivyo iwapo wametengana. Naliona hilo kuwa ni pengo la aibu katika sheria zetu. Hata hivyo, kipigo, vitisho na majeraha yanayoambatana na kulazimishwa ni makosa yanayoshtakiwa, na huduma ya hospitali haisubiri sheria ibadilishwe. Ikiwa una wasiwasi wa maambukizi, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72 tangu tukio, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi.

Mahali pa kuanzia ni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Ukifika, usieleze shida yako kaunta mbele ya watu. Omba kupelekwa dawatini na, ukipenda, omba kuhojiwa na askari wa kike. Eleza mambo yote kuanzia la mwisho kurudi nyuma, taja kukabwa koo na panga kwa maneno hayo hayo, na usiondoke bila namba ya RB, ambayo ni namba ya taarifa yako katika kitabu cha kituo. Hapo utapewa fomu ya PF3. Fomu hiyo hujazwa sehemu yake na polisi, kisha unaipeleka hospitali ambako daktari anaandika ni majeraha gani ameyaona, yako wapi mwilini na huenda yamesababishwa na nini, halafu inarudi kwa mpelelezi. Isome kabla haijarudi. Kama daktari ameandika “uvimbe mkononi” na akasahau shingo, mwombe kwa heshima aongeze, kwa sababu miezi mingi baadaye hakimu ataisoma karatasi ile wakati alama zimekwisha kufutika, na wewe baki na nakala. Kama una hali mbaya, tibiwa kwanza, fomu ifuate. Baadhi ya hospitali za serikali zina vituo vya mkono kwa mkono, ambako polisi, daktari na afisa ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja. Uliza dawatini kama kipo cha karibu.

Ule mkono uliovimba usiuache upotee kwa sababu ulisema umeteleza. Zahanati ina kumbukumbu ya siku uliyofika na tiba uliyopewa, na wanawake wengi waliopigwa husema kwanza kwamba wameanguka, jambo ambalo mpelelezi mzoefu na hakimu mwenye uelewa wanalijua. Mweleze mpelelezi kwamba ulisema hivyo kwa hofu.

Kuna jambo moja ambalo watu hawawaambii wanawake, nalo limewagharimu baadhi yao. Mume akikamatwa anaweza kupata dhamana upesi, pengine siku hiyo hiyo au kesho yake. Kwa hiyo siku ya kuripoti na siku ya kuhama ziwe siku moja. Usirudi kulala nyumbani ukidhani kwamba yuko mahabusu. Mwombe mpelelezi akujulishe atakapoachiwa, na shauri likifika mahakamani mweleze mwendesha mashtaka vitisho vile ili aombe masharti ya dhamana yanayomzuia kukukaribia. Tanzania Bara bado haina sheria mahususi ya ukatili wa majumbani kama ile ya Kenya ya mwaka 2015, inayomwezesha mwathirika kwenda moja kwa moja kuomba amri ya ulinzi. Kwetu njia ni za mzunguko zaidi, lakini zipo: hakimu anaweza kumtaka mtu anayetishia wenzake atie saini ya kutunza amani, na mahakama inayosikiliza shauri lenu la ndoa ina uwezo wa kumwamuru mume aache kukufuata na kukusumbua.

Kama huna ndugu ambaye nyumba yake mume wako haijui, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kuuliza kuhusu nyumba salama. Ni chache, kwa hiyo ulizia kabla ya siku yenyewe.

Umeuliza kama kuondoka ni kujifukuza. Sheria ya Ndoa inatamka kwamba hakuna shauri linaloweza kufunguliwa kumlazimisha mke aishi na mumewe, wala mume aishi na mkewe. Kutelekeza ndoa ni kuondoka kwa kusudi bila sababu. Aliyekimbia panga hakutelekeza, alifukuzwa na panga. RB na PF3 zitaonyesha kwa nini uliondoka na lini, ndiyo maana nimezisisitiza kuliko kitu kingine chochote.

Nyumba. Kifungu cha 59 cha sheria hiyo hiyo kinamzuia mwanandoa kuuza, kuweka rehani, kupangisha au kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kinampa mwenzake maslahi anayoweza kuyalinda kwa kuweka zuio. Ukishaondoka, mwandikie mwenyekiti wa mtaa barua ya kumjulisha kwamba nyumba hiyo ni ya ndoa na kwamba hujaridhia iuzwe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, kwa sababu viwanja visivyo na hati miliki vinauzwa mbele ya ofisi yake. Ndoa ikivunjwa au mkitenganishwa na mahakama, kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kufua na kulea, ni mchango katika kuchuma mali. Wewe una mchango huo na juu yake una risiti za saruji.

Watoto. Mahakama inapoamua nani akae nao hutazama kwanza ustawi wao. Kwa mtoto aliye chini ya miaka saba sheria inaanza na dhana kwamba ni vema akae na mama, dhana ambayo mwingine anaweza kuipinga kwa ushahidi. Huyo ni mwanao wa miaka minne. Binti yako amevuka umri huo, lakini mahakama inaweza kumsikiliza naye anataka nini. Baba anabaki na wajibu wa kuwatunza popote walipo. Hiyo ndiyo sababu nakusihi uondoke nao: ukiwaacha nyuma kwa miezi, upande wa pili utasema kwamba wamekwisha kuzoea maisha yao pale.

Najua umefunga ndoa kanisani na pengine talaka inakuogopesha kuliko kipigo. Huhitaji kuamua hilo sasa. Sheria inakuruhusu kuomba mahakamani kutengana bila kuvunja ndoa, na amri hiyo inakuondolea wajibu wa kuishi naye; tena mkishatengana, kukulazimisha kimwili kunaingia katika kosa la ubakaji lile nililolitaja. Ukija kutaka talaka, mgogoro unapaswa kwanza kupelekwa katika baraza la usuluhishi wa ndoa, ambalo likishindwa kuwapatanisha hutoa hati ya kwenda nayo mahakamani, isipokuwa mahakama ikiridhika kwamba mazingira yenu si ya kawaida na kufika barazani hakuwezekani. Baraza linasikiliza na kushauri. Halina mamlaka ya kukuamuru urudi. Ukiitwa, omba msikilizwe kwa nyakati tofauti, nenda na mtu, na usitaje unakolala.

Usifanye haya yote peke yako. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria walioko katika wilaya, na afisa maendeleo ya jamii anaweza kukuelekeza kwao. TAWLA (chama cha wanasheria wanawake Tanzania), Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu husaidia watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili, ikiwa ni pamoja na kuandika maombi ya matunzo ya watoto, ambayo ndiyo jibu la hofu yako ya watakula nini.

Mama yako usimlaumu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili, na kizazi chake kiliambiwa kwamba hiyo ndiyo ndoa. Ukishakuwa mahali salama, mweleze habari ya koo na ya panga, mambo ambayo nahisi hujamwambia.

Jiandae kwa wakwe. Watakuja na wazee, na machozi, na ahadi, na pengine kitenge kingine, wakikuomba “ufute kesi” ili yamalizwe kifamilia. Wajibu kwa upole kwamba kesi ya jinai ni ya Jamhuri na wewe ni shahidi. Usitie saini karatasi yoyote ya makubaliano kabla haijasomwa na mpelelezi au msaidizi wako wa kisheria, na kama kusihi kwao kutageuka kuwa vitisho, andika tarehe, jina la aliyesema na maneno yake, kisha uyapeleke dawatini kwa namba ile ile ya RB.